Mtunzi Asiye na Kaburi

Mwaka 1982 Arthur C. Clarke, mwandishi wa Kiingereza aliyekuwa ameifanya Sri Lanka makazi yake tangu miaka ya 1950, alichapisha riwaya yake 2010: Odyssey Two. Katika shukrani zake alieleza kwamba kitabu hicho kiliandikwa kwa kompyuta, kwa programu iitwayo WordStar, na kwamba muswada mzima ulisafiri kutoka Colombo hadi New York ndani ya diski moja ya inchi tano. Masahihisho ya mwisho yalirushwa kwa setilaiti iliyokuwa juu ya Bahari ya Hindi, bahari hii hii ambayo kwa karne nyingi barua na miswada ilivukishwa kwa jahazi. Riwaya yenyewe hata leo mtu akiitaka ataipata dukani. Lakini programu iliyoiandika haiuzwi na duka lolote duniani, na anayemgawia mwenziwe nakala yake, kwa mujibu wa sheria, ni mkosaji.

WordStar ilitolewa na kampuni ya MicroPro International ya California, iliyoasisiwa na Seymour Rubinstein mwaka 1978. Aliyeiandika khasa ni fundi mmoja, Rob Barnaby. Kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo kalamu ya waandishi wengi waliohamia kwenye kompyuta, na wapo ambao hawakuiacha kamwe: George R. R. Martin alitamka hadharani mwaka 2014 kwamba riwaya zake anaziandika kwa toleo lake la 4.0, katika kompyuta isiyounganishwa na intaneti. Toleo lake la mwisho kabisa kwa mfumo wa DOS, la 7.0, masahihisho ya D, lilitoka Disemba 1992. Baada ya hapo hapana tena.

Mpenzi wa mashairi yampasa alijue jambo moja kuhusu programu hii. Katika matoleo yake ya mwanzo, WordStar ilipohifadhi maandishi iliitia alama ya siri herufi ya mwisho ya neno, ili ijue pa kutanulia nafasi pale mistari inapopangwa iwe sawa pande zote mbili. Faili kama hilo likifunguliwa kwa programu nyingine ya kawaida, herufi zile za mwisho hugeuka takataka. Basi fikiri, msomaji, tarbia iliyohifadhiwa namna hiyo. Herufi ya mwisho ya neno katika Kiswahili ni irabu, na irabu hiyo ndiyo iliyobeba kina cha kati na kina cha mwisho. Mizani utaihesabu, lakini vina vimekwenda. Wajuzi wanazo njia za kuyasafisha maandishi hayo, ila aliye na programu yenyewe ndiye awezaye kuthibitisha kwamba lililosafishwa ndilo lililoandikwa. Aliyeipoteza programu atabakia kukisia, na ushairi wa kukisiwa una hasara ambayo kila aliyewahi kuusoma muswada ulioliwa na mchwa anaijua.

Mwezi wa Agosti 2024 Robert J. Sawyer, mwandishi wa Kanada wa riwaya za kubuni kisayansi, ambaye mwenyewe ameandika vitabu vyake kwa WordStar, aliikusanya programu hiyo ya mwisho pamoja na miongozo yake yote ya matumizi, kurasa zaidi ya elfu moja alizozipiga picha moja moja, akaiweka hadharani aichukue atakaye bila ya malipo. Hakuuza. Hakulifuta jina la mtu. Hakujidai kuwa mwenye mali. Hata hivyo hakuwa na ruhusa, na ruhusa hiyo hakuna aliyeweza kumwonesha ni kwa nani aende kuiomba.

Maana mwenye WordStar ni nani? MicroPro ilijibadilisha jina mwaka 1989 ikaitwa WordStar International. Mwaka 1994 ikaunganishwa na kampuni nyingine mbili chini ya jina la SoftKey. SoftKey ikainunua The Learning Company na kulivaa jina lake. Mwaka 1999 Mattel, watengenezaji wa wanasesere wa Barbie, wakainunua The Learning Company, na mwaka uliofuata wakaitupa kwa aibu baada ya hasara kubwa. Walioichukua wakaigawa vipande vipande wakaviuza, kimoja Ufaransa, kimoja Ireland. Katika msururu huo kalamu ya Clarke imo mahali fulani, ndani ya sanduku lililouzwa pamoja na masanduku mengine, na yaelekea hata anayeimiliki hajui kwamba anaimiliki. Kampuni haifi kama afavyo mtu. Haina kaburi, haina siku ya arubaini, wala hapana anayekaa matanga akauliza marehemu ameacha nini. Huyeyuka ndani ya nyingine, na nyingine ndani ya nyingine.

Sheria ya Marekani inasema kwamba kazi iliyofanywa na waajiriwa, mtunzi wake kisheria ni mwajiri. Barnaby aliyekesha akiandika si mtunzi. Mtunzi ni kampuni. Na kwa kuwa mtunzi wa namna hii hana siku ya kufa ambayo miaka ihesabiwe kutokea hapo, sheria imempa miaka 95 tangu kuchapishwa, ishirini kati yake ikiwa ni nyongeza ya mwaka 1998. Kwa hesabu hiyo WordStar ya Disemba 1992 itakuwa huru mwisho wa mwaka 2087. Diski ya sumaku iliyowekwa kabatini, hata pasipo joto na chumvi ya Pwani, haina umri wa kuifikia robo ya masafa hayo kwa salama.

Sasa kuna jambo ambalo wapenzi wa fasihi hawana budi kulitia akilini, kwa sababu linawahusu kuliko wanavyodhani. Mkataba wa kimataifa wa haki za ubunifu katika biashara, ule uliofungwa mwaka 1994 pamoja na kuundwa kwa Shirika la Biashara Duniani, unasema katika kifungu chake cha kumi kwamba programu za kompyuta zilindwe kama kazi za fasihi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo imeziweka programu katika fungu la kazi za fasihi. Yaani mbele ya hakimu, WordStar na diwani ni ndugu wa baba mmoja. Wanasheria wa makampuni ndio waliolitaka hilo, na walikuwa na sababu yao: fasihi hupewa ulinzi mrefu, haiandikishwi, wala haidai ada ya kila mwaka kama hataza za wavumbuzi.

Vyema. Kama programu ni fasihi, basi na itendewe itendewavyo fasihi. Tenzi za Waswahili zilidumu kwa sababu zilinakiliwa. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalitufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya vinywani mwa watu akayaandika, W. E. Taylor akayahifadhi, na Hichens akayatia chapani mwaka 1940, karne nzima baada ya mshairi kufariki. Muhamadi Kijuma wa Lamu alikaa miaka na miaka akinakili kwa kalamu yake tenzi ambazo hakuzitunga. Hakuna kati yao aliyengoja hati ya idhini. Na mtunzi wa utenzi alilijua hilo tangu mwanzo: katika beti za mwisho hutaja jina lake na tarehe, akamwomba msomaji amwombee dua na amsahihishie makosa. Yaani alitia ndani ya kazi yake maneno ya kumuelekea mnakili, kwa kuwa alikuwa na yakini kwamba mnakili atakuja.

Wapo watakaokunja uso hapa, na baadhi yao ni washairi wenye haki ya kukunja uso. Watasema: mlango huu ndio walioingilia waliotuibia. Mshairi ametunga, wimbo ukaimbwa, kanda zikauzwa Mombasa, Unguja, Maskati na Dubai, na yeye hakutajwa jina wala hakupata senti. Amezeeka akisikia maneno yake katika harusi za watu. Ikiwa leo tutasema kunakili bila ya ruhusa ni wema, kesho tutamwambia nini mwizi wa kanda?

Hoja hii ni nzito, na anayeipita kwa haraka hajawahi kukaa na mshairi wa namna hiyo. Lakini ipimwe vizuri. Yule mshairi alidhulumiwa vitu viwili: jina lake na riziki yake. Ukimuuliza kipi kilimuuma zaidi, aghalabu atakutajia jina. Sasa katika programu ya kampuni iliyokufa, riziki ya nani inakatwa? Bidhaa haiuzwi, hapana mnunuzi aliyezuiliwa kwenda dukani, kwa kuwa duka halipo. Na jina la nani linafutwa? Mwenye kulifuta jina la mwandishi si mnakili, ni hiyo hiyo sheria ya mwajiri kuwa mtunzi. Mshairi wa Pwani na Rob Barnaby wako upande mmoja wa kesi hii, na kampuni iko upande wa mwenye duka la kanda. Kumtetea mwenye duka kwa kilio cha mshairi ni kumvisha mtu nguo ya jirani yake.

Mfano wa wazi zaidi, na ulio karibu zaidi na fasihi, ni ule wa Infocom. Kampuni hii iliundwa mwaka 1979 na watu wa chuo cha MIT huko Massachusetts, na kazi yake kubwa ilikuwa kutunga michezo ya kompyuta isiyo na picha. Yote ni maneno. Kompyuta inakuelezea mahali ulipo, nawe unaandika unachotaka kufanya, nayo inakujibu kwa maneno. Ni hadithi inayomngojea msikilizaji aseme, kama paukwa inavyongojea pakawa. Wa kwanza uliitwa Zork, uliotungwa chuoni hapo na Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling, kisha ukagawanywa sehemu tatu ili uenee katika kompyuta ndogo za majumbani. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1980. Douglas Adams alishirikiana nao mwaka 1984 kuigeuza riwaya yake mwenyewe kuwa mchezo. Lakini kampuni ilijiingiza katika biashara ya programu za ofisini ikapata hasara; mwaka 1986 Activision ikainunua, na mwaka 1989 ikazifunga ofisi zake. Ukiufungua mchezo wa Zork, mstari wa haki katika ukurasa wa mwanzo unaitaja Infocom peke yake.

Mwezi wa Aprili 2019 Jason Scott, mhifadhi mashuhuri wa maandishi ya kompyuta, aliyaweka hadharani maandishi ya asili ya michezo ya Infocom, yale ambayo mafundi waliyaandika kabla hayajageuzwa lugha ya mashine. Hakuwa na ruhusa ya Activision. Sheria ikifuatwa neno kwa neno, lilikuwa kosa. Activision ingeweza kumtaka ayaondoe siku hiyo hiyo. Haikufanya hivyo, ilinyamaza. (Kimya cha mwari mbele ya kadhi huhesabiwa ridhaa. Kimya cha kampuni mbele ya mahakama hakihesabiwi kitu, na ndiyo maana mnakili hulala macho wazi.) Miaka ikapita. Oktoba 2023 Microsoft ikainunua Activision, na ndani ya mzigo huo, pamoja na michezo ya mabilioni ya dola, mkamo na maneno ya Zork.

Kisha Novemba 2025 Microsoft ikatangaza kwamba Zork ya kwanza, ya pili na ya tatu zimefunguliwa, kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadilisha na kuzigawa. Lililo la kuzingatiwa ni namna walivyofanya. Hawakutoa maandishi kutoka katika kabati lao. Walikwenda kwenye nakala zile zile alizoziweka Jason Scott mwaka 2019, kwa kushirikiana naye, wakaziambatanishia hati ya idhini. Mwenye mali alikuja na muhuri wake mkononi, na kitu cha kukipiga muhuri akakikuta nyumbani kwa mtu ambaye kwa miaka sita sheria ilikuwa ikimhesabu kuwa mkosaji.

Hapo ndipo mzizi wa ubishi huu ulipo. Wanaosema idhini itangulie kunakili, waliona wapi idhini ikikifufua kilichokwisha kuoza? Hati ya ruhusa inahitaji kitu cha kuruhusu. Wenye mali wa namna hii hujitokeza wakiwa wamechelewa miaka thelathini au arubaini, wakiwa ni warithi wa warithi, na ukarimu wao ni wa kweli, lakini hauna la kufanya pasipokuwa na mtu aliyetangulia mbele yake bila ya ruhusa.

Mfumo wa CP/M nao ulipita njia hiyo hiyo. Uliundwa na Gary Kildall mwaka 1974, na kampuni yake, Digital Research ya Pacific Grove, ikaueneza katika kompyuta ndogo za wakati huo. WordStar yenyewe ilizaliwa juu yake. Kampuni iliuzwa kwa Novell mwaka 1991, Kildall akafariki mwaka 1994, na mali ikauzwa tena mwaka 1996 kwa kampuni ya Caldera. Mwaka 2001 mtu mmoja aliyekuwa akizikusanya nakala hizo kwa mapenzi yake alipewa ruhusa na wenye mali kuzigawa, akafariki mwaka huo huo, na maneno ya ruhusa ile yakabaki na utata: je, alipewa yeye peke yake au na wengine baada yake? Kwa zaidi ya miaka ishirini wapenzi wa mfumo ule waliishi katika shaka hiyo. Julai 2022 Bryan Sparks, aliyekuwa na haki hizo mkononi, aliandika aya moja fupi kuruhusu kila mtu kuutumia, kuugawa na kuubadilisha. Aya moja. Haikumgharimu dola wala haikumpunguzia mteja. Ila ilitegemea Sparks awe hai, awe anajulikana, na awe mtu wa kujibu barua. WordStar haina Sparks.

Hata hivyo, upande wa wanakili nao una watu wa kukemewa. Lipo neno linalopendwa sana miongoni mwao, kwamba programu hizi ni zilizotelekezwa, na kilichotelekezwa hakina mwenyewe. Si kweli. Sheria haijui kitu hicho, na mke aliyetelekezwa, kama wanavyojua wanawake wa Pwani, bado ni mke wa mtu mpaka kadhi aseme vyengine. Chini ya neno hilo wamejificha walaji: wanaozipakia programu za kale pamoja na matangazo na uchafu wa kuharibu kompyuta, wanaouza CD za mkusanyiko wa kazi za watu, wanaong'oa ukurasa wa majina ili wabandike wao. Huyo hana tafauti na mwenye duka la kanda, na Sawyer na Scott hawapaswi kuhesabiwa naye katika safu moja. Tatizo ni kwamba sheria kama ilivyo haiwatenganishi. Inawaita kwa jina moja.

Kuwatenganisha si jambo gumu wala geni. Fiqhi ina mlango mzima wa kiokotwa: aliyeokota mali hutakiwa kuitangaza mwaka mzima, na asipojitokeza mwenyewe ruhusa huwa ipo ya kuitumia, lakini akija baadaye na akaithibitisha, hupewa haki yake. Wazungu nao wanalo la kufanana na hilo: Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2012 kanuni za kazi zilizo yatima, yaani ambazo mwenye haki hajulikani alipo, ili maktaba ziweze kuzitoa. Ila kanuni hizo zimetaja vitabu, magazeti, filamu na sauti. Programu zimeachwa nje ya mlango. Kwa miaka yote programu ni fasihi pale inapodai ulinzi, na ilipofika zamu ya mayatima wa fasihi kuhurumiwa, ghafla si fasihi tena. Marekani wamekwenda hatua mbili mbele na moja nyuma: mwaka 2003 waliruhusu kuvunjwa kwa kufuli za programu zilizopitwa na wakati, lakini Oktoba 2024 walikataa kuziruhusu maktaba kuwaonesha watafiti michezo ya kale wakiwa mbali, ila wasafiri mpaka kwenye jengo. Na hiyo ni baada ya utafiti wa mwaka 2023 wa wakfu wa historia ya michezo ya video kuonesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya kale iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani.

Mtu atauliza, haya ya California na Massachusetts yanawahusu nini watu wa visiwani? Yanawahusu kwa sababu sheria zao zinatungwa kwa kunakiliwa, na wanaonakili hawaulizi. Tanzania Bara ilitunga sheria yake ya hakimiliki mwaka 1999 na Zanzibar yake mwaka 2003. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi, imo katika nyongeza ya muda iliyotolewa mwaka 2021, ambayo inazipa nchi hizo mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya ule mkataba wa 1994. Huo ni wasaa ambao Kenya hana, wala Marekani. Ndani ya wasaa huo wabunge na wawakilishi wangeweza kuandika kifungu kimoja: programu ambayo haikuuzwa wala kuhudumiwa kwa miaka kadhaa, na ambayo mwenyewe ametangaziwa asijitokeze, inakilike na kugawiwa bila ya faida, majina ya walioiandika yakiwa mahali pake, na akija mwenye haki aanze kuidai kutoka siku hiyo. Badala yake, kinachosikika katika semina ni hesabu ya nakala haramu zilizokamatwa na kusagwa barabarani mbele ya kamera.

Infocom ilitoa michezo zaidi ya thelathini. Iliyofunguliwa ni mitatu. A Mind Forever Voyaging ya Steve Meretzky, iliyotoka mwaka 1985, na ambayo wengi waliousoma (maana mchezo ule husomwa) huuweka juu kuliko Zork, haimo katika idhini ya Novemba 2025. Kisheria utakuwa huru mwisho wa mwaka 2080. Maandishi yake ya asili yapo salama hivi leo, katika nakala za Jason Scott.